Nusu ya Sindano

Nilipokuwa mtoto, nyumba yetu ilikuwa na sindano moja tu ya kushonea, na hiyo moja haikuwa yetu. Ilikuwa ya Susu. Susu ndiye nyanya kwa Kikamba, na huyu alikuwa mama yake baba yangu. Tuliishi naye boma moja, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka soko la Tala. Sindano yake aliichomeka kwenye kalenda ya kanisa ukutani, juu kabisa, uzi mweusi ukiwa umeviringwa kiunoni mwa sindano hiyo. Hakuna aliyeigusa bila kuomba. Hata Mama, aliyekuwa akiuza mitumba sokoni na kushika nguo kutwa nzima, kifungo kikikatika alimwendea Susu akasema, "Mama, naomba sindano," kisha akairudisha saa hiyohiyo.

Siku hizi mimi niko na sindano kumi na mbili. Naishi Mumbuni, hapa mjini Machakos, na kila Jumamosi asubuhi watoto wa majirani wanajaa sebuleni kwangu kushona wanasesere, sungura na ndovu wa kitambaa cha jinzi. Mimi sikupanga. Mtaala huu mpya ndio ulioleta mambo. Mwalimu anataka mwanasesere wa vitambaa ifikapo Jumatatu, mzazi hajui hata kutunga uzi, na mtu fulani akasema Nduku wa nyumba ya geti la kijani anajua. Basi wakaja. Mtoto anaketi, ananyoosha miguu, napewa soksi moja isiyo na mwenzake, tunaanza.

Nina sheria moja kwao, na imetoka kwa Susu, ingawa yeye hakuisema hivyo.

Susu alikuwa Mkristo wa kweli, wa kitambaa cheupe kichwani na benchi la mbele kila Jumapili. Lakini alikuwa na sheria nyingine ambazo padri hakuzijua. Usifagie mtu akiondoka safarini. Usiruke mguu wa mtoto aliyelala. Na ile ya sindano, ambayo alinipa nilipoanza kushona watoto wangu wa vitambaa. Sisi hatukuwaita wanasesere. Tuliwaita watoto tu, tukawabeba mgongoni kwa leso na kuwagombeza.

"Ukimshona kwa nguo ya mtu aliye hai," aliniambia, "usimwache na sindano mwilini. Pale utakapoiacha, ndipo mwenye nguo ataumia."

Alisema kama mtu anayekuambia ufunike sufuria. Hakupunguza sauti wala hakutoa macho. Nikamuuliza, hata kama ni kwa muda kidogo tu, Susu? Akanijibu hata kama ni kwa muda wa kupiga chafya, akaendelea kusuka kiondo chake.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka tisa, na ndugu yangu Kioko alikuwa na mitatu. Baba alifanya kazi kiwandani Athi River, akija mwisho wa mwezi. Siku za soko Mama aliondoka mapema na mabunda yake, na Kioko alikuwa akilia, maskini, mpaka anakosa pumzi. Kitu pekee kilichomtuliza ni shati lake la buluu lenye picha za bata, ambalo lilikuwa limembana tangu zamani. Alilikokota kila mahali. Lilikokotwa hadi likachanika mgongoni, na Mama akasema basi, hilo sasa ni la kupangusa sakafu.

Nikamhurumia. Nikasema moyoni, nitamshonea mtoto kwa shati hilo, Mama asilitupe na Kioko asilie. Ilikuwa likizo, Susu alikuwa shambani akipalilia kunde. Nikapanda stuli, nikaichomoa sindano kwenye kalenda. Sikuomba. Ningeomba angeniuliza naishona nguo ya nani.

Kioko aliketi mbele yangu mkekani wakati wote ule, amenyamaza, mdomo wazi. Nilikata mwili na miguu, nikashona pembeni kwa mishono mikubwa ya kitoto, na yeye nikampa kazi ya kujaza. Tulijaza mabaki ya katani, zile nyuzi fupi zilizobaki Susu akisuka vyondo. Katani inawasha na kuchoma, ukimkumbatia mtoto wa namna hiyo anakukwaruza kifua, lakini hatukuwa na pamba. Kioko alikuwa akisukuma katani kwa kidole ndani ya tumbo, akiuliza, "Nduku, ameshiba?"

"Bado ana njaa. Mpe tena."

"Kula, wewe! Kula!"

Nakumbuka tulicheka sana. Katika siku zote za utoto wangu, kama ningeambiwa nichague saa moja niirudie, pengine ningechagua hiyo, na nasikitika kwamba siwezi kuikumbuka bila kukumbuka iliyofuata.

Nilikuwa nafunga mguu wa kulia, ule wa mwisho, niliposikia Susu akipaza sauti kutoka shambani. "Nduku! Wee Nduku! Mbuzi wako kwenye kunde!" Mbuzi walikuwa jukumu langu. Nikaruka. Sindano ilikuwa mkononi, nikaogopa Susu asije akanikuta nayo, nikaididimiza ndani ya mguu wa yule mtoto mpaka isionekane, nikamsukuma chini ya mkeka, nikakimbia.

Wale mbuzi walinizungusha, jamani! Nilipomfukuza mmoja, mwingine aliingia upande wa pili, na Susu akinipa maneno yangu yote. Niliporudi nyumbani nilimkuta Kioko katikati ya chumba akilia kwa sauti ya juu, mkeka umekunjamana, na mtoto wa vitambaa yuko pembeni yake. Nikadhani analia kwa kuachwa peke yake. Nikambeba, nikamwimbia, akapoa.

Kisha nikatafuta sindano. Niliubonyeza ule mguu huku na huku, lakini katani yote inachoma, sikuweza kujua kipi ni katani na kipi ni sindano. Nikapapasa sakafu. Nikainua mkeka. Hakuna. Jioni Susu akatazama kalenda.

"Nduku, sindano iko wapi?"

"Sijui, Susu."

Huo ndio ulikuwa mwanzo. Uongo mfupi sana.

Usiku huo Kioko hakulala vizuri, na kesho yake alikataa kusimama. Mama alimpapasa, akaona goti moja limevimba kidogo. Akasema ni mwiba, au ameanguka. Akamkanda kwa maji ya moto yenye chumvi. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na chai yangu, nikauliza kwa sauti ndogo ni goti la upande gani.

"La kulia," akasema Mama. "Kwani?"

Sikumaliza ile chai. Mguu wa kulia wa yule mtoto, mguu wa kulia wa Kioko, shati la Kioko, sindano imepotea. Hesabu ilikuwa rahisi hata kwa mtoto wa miaka tisa. Susu alikuwa ameniambia waziwazi, na mimi nilikuwa nimefanya.

Siku ya tatu goti lilikuwa kubwa kuliko kopo la kakao, na mwili wote ulikuwa moto. Mama alimpeleka zahanati ya karibu, akapewa dawa ya maji ya homa. Alasiri jirani mmoja alikuja kumwona, akatingisha kichwa, akamwambia Mama, "Mimi nakuambia, huu si mwiba. Kuna mtu amemtupia mtoto wako kitu."

"Nyumba hii tunaomba Mungu," Mama akamjibu kwa ukali. Lakini nilimwona akitazama nje, upande wa njia, akiwapitia kichwani watu wote waliotutembelea wiki ile.

Mtu mwenyewe alikuwa nyuma ya pazia akisikiliza. Wakenya wengine wanapenda kututania sisi Wakamba kuhusu uchawi, na tunacheka nao, lakini kwetu neno hilo halikuwa mchezo. Mtu akiitwa hivyo, watoto hawatumwi kwake kuomba moto. Nilikuwa na miaka tisa na nilikuwa na hakika kwamba mimi ni mchawi, na nimemroga mtoto niliyempenda kuliko watu wote.

Nikafanya nilichoweza. Nilimchukua yule mtoto wa vitambaa, nikaenda naye nyuma ya choo, nikaufumua mguu wake kwa meno. Nikatoa katani uzi baada ya uzi. Na sindano nikaipata, ila haikuwa nzima. Ilikuwa nusu, ile yenye tundu, na uzi mweusi bado umeshikilia. Nikaifunga kwenye kipande cha kitambaa. Nikasema, basi, imetoka mwilini, sasa Kioko atapona. Nikaenda kukaa mlangoni kumngoja ainuke.

Mtu mzima akisoma hapa anataka kunitikisa mabega. Na mimi nataka. Nusu ya sindano ilikuwa mkononi mwangu! Mtu yeyote ambaye hakuwa amefundishwa nilichofundishwa angejiuliza mara moja ile nusu nyingine, yenye ncha, iko wapi. Mimi sikujiuliza. Nilikuwa na maelezo yangu tayari, na yalikuwa yametimia barabara, mguu kwa mguu. Nilichongoja ni uchawi utoke jinsi ulivyoingia. Kioko hakuinuka. Kufikia asubuhi ya siku ya nne alikuwa ameacha hata kulia, analala tu macho nusu wazi, na hilo ndilo lililonivunja.

Susu alikuwa ameketi nje kwenye kivuli cha nyumba, kiondo magotini. Nikamwekea kile kitambaa juu ya kiondo.

"Susu, ni mimi. Niliacha sindano mguuni."

Nikafumba macho kungoja kofi. Halikuja. Nilipofungua, alikuwa ameikunjua, anapitisha kidole gumba pale ilipovunjika.

"Hii ni nusu," akasema.

"Ii, Susu."

"Ya ncha iko wapi?"

"Sijui. Nilitoa hii ili apone, lakini haponi."

Akaniangalia kidogo. "Uliporudi kutoka kwa mbuzi, mtoto alikuwa ameketi vipi?"

"Alikuwa amepiga magoti. Na yule wa vitambaa alikuwa hapo kando yake."

Susu alisimama ghafla mpaka kiondo kikaanguka, na akakikanyaga, kiondo cha kazi ya wiki tatu. Hakutaja uchawi hata mara moja. Yeye aliyenifundisha ile sheria ndiye wa kwanza kuliangalia goti kama goti. Aliingia ndani, akamgeuza Kioko kwenye mwanga wa dirisha, akalamba kidole, akapangusa ngozi, na pale chini ya uvimbe kulikuwa na kidoa cheusi, kidogo kama mbegu ya wimbi, pale ncha ilipomwingia alipompigia magoti yule mtoto wa vitambaa.

"Huyu mtoto ana chuma ndani," akamwambia Mama. "Beba leso, tunaenda Machakos."

"Chuma gani? Kimetoka wapi?"

Susu alikuwa anafunga kitambaa chake kichwani, hakunitazama hata kidogo.

"Ni sindano yangu," akasema. "Niliiangusha mkekani. Nikanyamaza."

Sitasahau jinsi Mama alivyomtazama. Alimbeba Kioko, akatoka.

Hospitali kubwa ya Machakos walimpiga picha, na Mama alituambia baadaye kwamba sindano ilionekana nyeupe kabisa, imelala ndani ya goti. Walipasua wakaitoa, wakatoa na usaha mwingi. Alikaa wodini wiki nyingi. Alirudi mnene, anajua nyimbo mpya, ameharibiwa tabia na manesi. Lakini goti lile halikukunjika tena sawasawa, na daktari alimwambia Mama kwamba siku zile nne ndizo zilizoliharibu, sindano yenyewe ingetoka ikaisha.

Mama alinunua sindano yake Tala. Hakumwomba Susu tena, na kwa muda mrefu hakumwomba hata chumvi. Walikula meza moja wakipitishiana sahani kupitia kwangu. Susu alivumilia yote hayo, akaendelea kusuka.

Siku moja nikashindwa, nikamuuliza kwa nini alisema ni yeye.

"Wewe ni msichana mdogo," akasema. "Neno kama hilo litakufuata shuleni, likufuate mpaka unapoolewa. Mimi litanifuata mpaka wapi?" Akavuta uzi wa katani akaukaza. "Lakini Kioko utamwambia mwenyewe. Ukikua."

Nikasema ndiyo.

Nilikua. Nikamaliza shule, nikaolewa, nikahamia Mumbuni. Kioko naye akaja mjini, akafungua kibanda cha kutengeneza simu, kazi ya kuketi, akaoa, akapata binti, Mwende. Mama na Susu walikuja kupatana, kwa namna ya watu wanaoacha jambo bila kulimaliza. Tulipomzika Susu, Kioko alisimama kaburini amejiegemeza mguu mmoja, na mimi nilikuwa kando yake kabisa. Ilikuwa nafasi nzuri. Nikaiacha ipite. Nilijiambia mtu analia, si wakati wake. Kisha nikajiambia sasa ni zamani mno, itasaidia nini. Ukitafuta sababu za kunyamaza utapata mpaka uchoke.

Mwezi uliopita Kioko alimleta Mwende. Ana miaka sita, na mwalimu wake anataka mwanasesere. Walikuwa watoto watano siku hiyo, wote mkekani, na Kioko aliketi kwenye kiti cha sofa, mguu wa kulia amenyoosha mbele jinsi anavyokaa siku zote. Nilikuwa nimegawa sindano kutoka kwenye kipande cha sponji ya godoro ninapozichomeka, kila moja na uzi mwekundu mrefu ili ionekane. Mwende alikuwa anashona mkono wa mwanasesere wake, ulimi nje.

Ghafla akaacha. Akatazama mapajani, akatazama mkeka.

"Anti," akasema, na sauti ilikuwa inatetemeka, "sindano yangu siioni."

"Kila mtu abaki alipo," nikasema. "Hakuna kupiga magoti. Umefanya vizuri kusema, Mwende." Hiyo ndiyo sheria yangu moja: sindano ikipotea, sema saa hiyohiyo, na hakuna atakayekugombeza. Tulitafuta polepole, nikiinua nguo moja moja. Ilikuwa imenasa kwenye sweta yake mwenyewe, ubavuni, uzi mwekundu unaning'inia. Watoto wakapiga makofi, wakarudi kazini.

Kioko akacheka kule kwenye kiti. "Huyu hakumrithi Susu," akasema, akijipigapiga goti. "Susu angesema mapema hivyo, leo mimi ningekuwa nacheza mpira."

Alisema kwa utani. Amekuwa akisema hivyo miaka yote, hana kinyongo, na miaka yote mimi nimekuwa nikitabasamu. Safari hii uso wangu ulikataa. Mwanamke yule alikuwa amelala kaburini na kosa langu, na mimi nilikuwa nimemkalia kimya tangu nikiwa na miaka tisa. Nilitoka kwenye kochi, nikaketi sakafuni karibu na mguu wake.

"Kioko, si Susu. Ni mimi."

"Wewe nini?"

Nikamwambia. Shati la bata, katani, mbuzi, mguu wa kulia, nusu ya sindano niliyoificha. Nilimwambia mbele ya watoto wale wote, maana ningengoja waondoke ningepata sababu nyingine. Nilipomaliza alikuwa anatazama goti lake kana kwamba amelipokea leo.

"Na Mama alimnunia Susu muda wote ule," akasema.

"Ndiyo."

"Aki Susu." Akajipangusa macho kwa mkono wa shati. Kisha akasema, "Nakumbuka nikimlisha. Nilidhani ni ndoto. Namsukumia kitu mdomoni nikimwambia kula."

"Ilikuwa tumboni," nikasema, na tukacheka wote wawili huku tunalia, watoto wakitushangaa.

Nimefikiria sana yale aliyonifundisha Susu. Kuhusu sindano alikuwa sahihi, maana aliyeacha sindano mle alimuumiza mwenye nguo kweli, na kwa nini liwe goti la kulia sina jibu mpaka leo, na sitafuti tena. Alinifundisha kosa ni lipi na adhabu yake ni ipi. Hakunifundisha nikishakosa nimkimbilie nani, na nadhani alilijua hilo, ndiyo maana alibeba mzigo wote bila kunilaumu.

Mwende alikuwa ametusikiliza, mwanasesere wake mwenye mkono mmoja mapajani.

"Anti, ulichapwa?"

"Hapana. Sikuchapwa."

"Sasa mbona ulinyamaza?"

"Niliogopa, mama."

Akaokota sindano yake.

"Mimi pia niliogopa," akasema, "lakini nikasema." Akaniletea uzi nimfungie fundo.